Meza imeachia kwenye mshono: uifumue, uinyweshe gundi, au uishike kwa chini?

Meza yangu ya kulia chakula iliachia mwezi wa Septemba, wakati ambao hapa Tabora vumbi linaingia hadi ndani ya kopo la sukari. Ni meza ya mbao tano za mninga, upana wa sentimita 90, niliyoitengeneza mwenyewe uani, Isevya, mvua za Februari zikiendelea. Mshono wa tatu, yaani mahali mbao mbili zinapoungana, ulifunguka kuanzia kichwani mwa meza kwa urefu wa kiganja na nusu, na sarafu ya shilingi 200 iliweza kusimama ndani ya ufa. Niliujaza kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Ilipendeza hadi Agosti iliyofuata. Ufa ukarudi palepale, mpana zaidi, na sasa ulikuwa na kipande kigumu cha mchanganyiko wangu kinachocheza ndani kama jino bovu.

Tangu hapo nimeirekebisha meza hiyo ipasavyo, na nimesaidia meza tatu za ndugu na majirani. Njia zenye maana ni tatu: kuufumua mshono wote na kuunganisha upya, kuunywesha gundi ulivyo na kuubana, au kuuacha na kuushika kwa chini usiendelee. Nitangulize msimamo wangu, ili mwenye haraka asisome yote: kwa meza yenye kingo zilizonyooka, ambayo ufa wake umepita robo ya urefu wa mshono, fumua. Njia nyingine mbili zina mahali pake, nami nitapaeleza, lakini watu wengi huzikimbilia kwa kuogopa msumeno tu.

Ingia chini ya meza kwanza

Mzee mmoja fundi seremala alipokuja nyumbani kuiona meza yangu, hakuangalia ufa. Baada ya shikamoo na marahaba alipiga magoti, akaingiza kichwa chini, akagusa papi, zile mbao nyembamba zinazokatiza meza kwa mapana.

"Mwanangu, hizi papi umezikaza kwa skrubu ngapi?"

"Tano kila moja, mzee. Na gundi pia nilipaka."

"Basi legeza skrubu zote, papi uzibandue kwa patasi. Uache meza hivyo hadi Jumatatu, halafu tutazame ufa umebaki kiasi gani."

Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu ufa ulikuwa umepungua karibu nusu, bila tone la gundi mpya.

Sababu yake inaamua karibu kila kitu katika uchaguzi huu. Mbao haifupiki kwa urefu kiasi cha kuhangaisha, lakini kwa upana husinyaa na kutanuka kadiri hewa inavyobadilika. Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kisha miezi mingi ya ukavu mfululizo. Meza ya paina ya upana wa sentimita 90, mbao zake zikiwa zimechanwa bapa, yaani miviringo ya mti ikilala karibu sambamba na uso wa mbao, ikipoteza unyevu wa asilimia 4 itasinyaa milimita 8 hivi. Mninga ni mtulivu zaidi, ndiyo maana mafundi wanaupenda, lakini mtulivu si maiti: nao hutembea. Sasa papi iliyokazwa kwa skrubu na gundi kukatiza mbao zote tano haifupiki, kwa sababu yenyewe imelala kwa urefu wake. Mbao za juu zinataka kusinyaa, papi inakataa. Kitu kimoja lazima kiachie, na huachia pale palipo dhaifu kuliko pote.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani kuuliza gundi, legeza kila kilichokaza meza kwa mapana: papi, misumari iliyopigwa kutoka juu kuingia kwenye fremu, vyuma vya pembe. Subiri siku nne tano. Kisha chukua tochi uchungulie ndani ya ufa. Ukiona nyuzi za mbao zimechanika, zimebaki zimeshikana na gundi upande mmoja na upande wa pili pana makovu, gundi yako ilikuwa nzuri na mbao ndiyo iliyoshindwa nguvu. Ukiona pande zote mbili laini, na utando wa gundi unang'aa kama kucha, gundi haikushika kamwe: pengine ukingo ulikuwa na mawimbi, pengine randa ya mashine ilikuwa butu ikausugua hadi ukang'aa badala ya kuukata, pengine gundi ilianza kukauka kabla hujabana. Hali hii ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa mshono ulioshindwa hivyo umeshindwa wote, hata sehemu ambayo bado imefunga. Nusu iliyobaki inasubiri zamu yake.

Kuunywesha gundi

Hii ndiyo njia ya bei ndogo na ya muda mfupi. Unahitaji gundi nyeupe ya mbao, sindano kubwa ya duka la dawa, na kitu cha kubania. Kazi yenyewe haifiki saa moja, kisha meza inalala usiku kucha.

Inafaa ufa ukiwa mfupi, mpya na safi, na ukibana kwa nguvu ya kawaida unafunga kabisa. Hicho ndicho kipimo: bana kikavu kwanza, bila gundi. Ufa ukifunga hadi ukucha haupati pa kuingia, endelea. Ukibaki wazi hata kidogo, au ukilazimika kukaza mpaka meza inalia, acha, kwa sababu utakuwa umefungia ndani nguvu ileile iliyoufungua. Gundi nyeupe haina uwezo wa kuziba pengo; inashika pale tu mbao inapogusa mbao.

Tatizo lake kubwa ni ile gundi ya zamani. Gundi nyeupe mpya haishiki vizuri juu ya gundi nyeupe iliyokwisha kukauka, na ndani ya ufa mwembamba huwezi kuikwangua yote. Unaweza kupitisha kipande cha msasa kilichokunjwa mara mbili, ukavuta huku na huku, ukapuliza vumbi. Utasafisha mdomo wa ufa, lakini kule ndani unakoishia, ambako ndiko kunakohitaji nguvu zaidi, hufiki. Ukishasukuma gundi kwa sindano, fungua na ufunge ufa kwa mkono mara kadhaa, uunyonyeshe. Utaiona gundi ikizama. Ongeza mpaka itokee upande wa chini.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo sijasikia watu wakilisema vya kutosha. Mkoa huu ni wa asali na nta, na wengi tunapaka meza nta ya nyuki badala ya vanishi. Inapendeza na haina harufu kali. Lakini nta ikishayeyuka juani na kuingia kwenye ufa, gundi nyeupe haitashika hapo. Dondoshea tone la maji kwenye ukingo wa ufa: likinywewa na mbao, uko salama, likikaa juu mviringo kama umande kwenye jani la muhogo, pana nta, mafuta au gundi ya zamani. Kitambaa chenye tina kinaondoa nta ya juu. Mafuta ya taa usitumie kwa kazi hii, yanaacha mafuta yake. Na kama nta imeingia ndani kabisa, hii si njia yako tena.

Nilimfanyia hivi dada yangu, Kiloleni, meza ndogo ya chai yenye ufa wa vidole vinne uliotokea wiki ileile. Inadumu hadi leo.

Kufumua na kuunganisha upya

Neno linatisha. Mtu anaona meza anayolia chakula na watoto wake ikikatwa vipande viwili, moyo unaruka. Lakini mshono wa mbao mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, nyuzi zikienda njia moja, ukiunganishwa vizuri kwa gundi ya kawaida, huwa na nguvu kuliko mbao zenyewe. Ukiuvunja kwa makusudi, mbao hupasuka pembeni na mshono hubaki. Hakuna papi wala chuma kinachokupa kitu cha namna hiyo, na hii ndiyo sababu naiweka njia hii mbele.

Usifungue mshono kwa kupiga kabari. Sehemu iliyoshika itachanika na kuondoka na magamba ya mbao ya juu, na hapo utakuwa umeongeza kazi. Pasua kwa msumeno juu ya mstari wenyewe wa mshono, urefu wote, hata sehemu ambayo bado imefunga. Msumeno wa mviringo wenye ubao wa kuuongoza unafanya hivyo kwa mpito mmoja. Msumeno wa mkono unaweza pia, ila randa itakuwa na kazi kubwa zaidi baadaye. Msumeno unakula milimita 3 hivi, randa inakula nyingine mbili au tatu. Meza ya sentimita 90 ikipungua nusu sentimita hakuna mgeni atakayejua.

Isipokuwa meza ya duara. Hiyo ukiipunguza katikati haiwi duara tena, na jicho linaona mara moja pale pembezoni mwa mshono pasipokutana. Kwa duara, ama uongeze kipande chembamba cha mbao ya aina ileile kurudisha upana uliopotea, ama uchague njia nyingine.

Kunyoosha kingo ndiko kazi iliko. Fundi mwenye mashine ya randa atakumalizia kwa dakika chache, ila mwombe akuonyeshe kwanza kisu kimenolewa lini, na uangalie ukingo ukitoka: ukiwa na rangi ya kuungua au unang'aa, uupitishe tena kwa randa ya mkono yenye makali. Kama huna mashine, kunja vipande viwili kama unavyofunga kitabu, nyuso za juu zikitazamana, bana pamoja, upige randa kingo zote mbili kwa pamoja. Hata ukiinamisha randa kidogo, kosa la upande mmoja linajibiwa na la upande wa pili ukifungua kitabu, na meza inalala sawa. Ujanja huu peke yake umeniokolea mbao nyingi.

Kisha simamisha kipande kimoja juu ya kingine, uchungulie dhidi ya mwanga wa dirisha. Mwanga usipite kwenye ncha. Katikati ukipita mstari mwembamba kama karatasi moja, ni vizuri, tena ndivyo inavyotakiwa: ncha za mbao hukauka haraka kuliko katikati, nyufa nyingi huanzia huko, na mwanya huo mdogo wa katikati, ukibanwa, huzifanya ncha zishikane kwa nguvu zaidi. Kinyume chake, katikati kukigusana na ncha zikaachana, umejitengenezea ufa wa mwakani.

Paka gundi siku hiyohiyo uliyopiga randa. Na hapa hali yetu inadai haraka: gundi nyeupe inakupa dakika tano hadi kumi za kuhangaika nayo, lakini alasiri ya Oktoba, juani, na upepo mkavu, inaweka ngozi upesi zaidi. Fanya asubuhi, chini ya mwembe au barazani. Paka kingo zote mbili, bana, na utazame: shanga ndogondogo za gundi zikitokea mstari mzima, umepaka sawasawa. Pasipotokea kitu, fungua upake tena hapo hapo.

Huna klempu ndefu? Wengi hatuna. Pigilia papi mbili imara kwenye ubao mpana au kitanda cha kazi, umbali kati yake ukizidi upana wa meza kwa inchi moja, laza meza katikati, kisha gonga kabari mbilimbili zinazokutana upande mmoja, kila sentimita 20 au 25. Zinabana vizuri ajabu. Weka uzito juu meza isibinuke, na karatasi ya nailoni chini isigande na ubao wa chini. Mpira wa tyubu ya baiskeli unafaa kwa vitu vidogo, kwa meza ya chakula nguvu yake haitoshi. Acha imebanwa walau saa mbili, na usiitwishe kitu kabla ya saa 24.

Ubaya wa njia hii ni siku mbili za meza kutokuwepo, vifaa, na kwamba uso wote wa mshono utahitaji kupigwa msasa na kupakwa upya. Kama meza imepakwa vanishi ya rangi, kupata rangi ileile si rahisi, na afadhali kuikwangua yote.

Kuushika kwa chini, au kuufunga kwa kipepeo

Kuna meza ambazo hutaki kuzikata. Nyingine ni pana na nene kiasi kwamba kuzibana kunahitaji vifaa vya karakana, au ni ubao mmoja wa mkora au mkurungu uliopasuka wenyewe, ambao hauna mshono wa kufumua. Nyingine ni kumbukumbu ya marehemu, na ufa ni sehemu ya sura yake. Hapo unaacha ufa ubaki, unauzuia usisafiri.

Kipepeo ni kipande cha mbao ngumu chenye kiuno chembamba na mabawa mawili, kinachozamishwa kukatiza ufa. Nyuzi zake lazima zikatize ufa, zisifuatane nao, la sivyo kitavunjika kiunoni. Kina cha theluthi moja hadi nusu ya unene wa meza kinatosha. Unachora kwa kalamu yenye ncha kali, unachimba kwa patasi, unapaka gundi, unagonga. Ukipenda rangi ipishane, mpingo juu ya mninga unapendeza sana. Ukipenda usionekane, uweke upande wa chini. Lakini kipepeo ni kazi ya mkono mtulivu. Kama hujawahi kuchimba shimo la patasi likatoka safi, jaribu kwanza kwenye makapi ya mbao.

Papi chini ya meza ni rahisi zaidi, na ndizo zilizoniponza, kwa hiyo nieleze namna sahihi. Usipake gundi hata kidogo. Skrubu ya katikati iingie kwenye tundu la mviringo la kawaida. Matundu mengine yote ya papi yawe marefu, sentimita 1 hivi, yakielekea upande ambao meza inatanukia, na kila skrubu iwe na wosha, ikazwe ishike tu bila kuzama. Papi ya namna hii inazuia meza kubinuka na inaacha mbao zitembee. Haifungi ufa. Mtu akikuambia papi zitavuta ufa ufunge, anakuelekeza kule kule nilikotoka.

Kuhusu kujaza

Ukiujaza ufa wakati wa kiangazi kwa gundi na vumbi la mbao, mvua zikija mbao zinatanuka na kukuta pamekwisha kuzibwa kwa kitu kigumu kuliko zenyewe. Nyuzi za pande zote mbili zinasagika, na nyuzi za mbao zilizosagika hazirudi. Kiangazi kinachofuata ufa unafunguka kwa upana wa mwanzo na wa nyongeza. Ndivyo ilivyotokea kwangu. Kujaza kunafaa kwenye vitundu vya misumari, kwenye fundo lililodondoka, na kwenye ufa mfupi wa ncha ambao umeshashikwa kwa kipepeo. Hata hapo napendelea kipande chembamba cha mbao ileile, kikiwa na gundi upande mmoja tu, ili upande wa pili ubaki huru.

Na gundi gani?

Kwa mshono uliopigwa randa vizuri, gundi nyeupe inatosha. Kuiongezea fedha hakuongezi nguvu. Epoksi ya mirija miwili inaishinda mahali pawili: penye pengo ambalo haliwezi kufungwa, na penye mbao zenye mafuta kama mtiki, ukiwa umeufuta kwa tina muda mfupi kabla ya kupaka. Epoksi haihitaji kubanwa kwa nguvu, tena ukikaza sana unaikamua yote itoke. Inalegea kwenye joto kali, kwa hiyo sufuria ya ugali iwekewe kitu chini. Supagluu ni ngumu lakini ni kavu kama biskuti. Mzunguko wa mwaka mmoja wa meza kusinyaa na kutanuka unaivunja. Niishie hapo.

Kwa meza yangu nilifumua. Nilibandua papi, nikapasua mshono wa tatu wote, nikapiga randa kingo kwa kuzikunja kama kitabu, nikabana kwa kabari barazani kuanzia saa mbili asubuhi. Siku ya tatu nilirudisha papi zilezile, safari hii zikiwa na matundu marefu na wosha, na nikapaka vanishi juu na chini, maana meza iliyopakwa juu tu hunywa unyevu upande mmoja na kubinuka. Nilipima upana wake kwa futi siku hiyo, Oktoba, nikaandika kwa penseli chini ya meza. Januari, mvua zikiwa zimekolea, nilipima tena: imetanuka milimita 4, mshono umetulia, na kila skrubu ya pembeni imesogea ndani ya tundu lake.